Jeshi Lililobebwa kwa Kiondo: Kimathi, Mukami na Utumishi Tusiojua Kuuhesabu

Pale Barabara ya Kimathi inapokutana na ya Mama Ngina, katikati ya Nairobi, Dedan Kimathi amesimama juu ya jiwe lake, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto, nywele zimesokotana kama alivyotoka nazo msituni. Sanamu ina urefu wa mita 2.1. Rais Mwai Kibaki aliizindua tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe. Mchana mmoja nilikuwa nimekaa karibu nayo, mguu juu ya kisanduku cha kijana anayepiga viatu rangi, nikamuuliza kwa mzaha tu kama anamjua huyo aliye juu.

"Si huyo ni Kimathi, mzee? Wa Mau Mau."

"Na mkewe alikuwa nani?"

Akasimamisha brashi. Akageuka, akakitazama kibao cha barabara ya pili. "Mama Ngina?"

Nilicheka, kisha nikaona haya. Mama Ngina ni mke wa Jomo Kenyatta, kila Mkenya anajua, na kijana mwenyewe alijua. Basi tu mji ulikuwa umemwekea jibu mbele ya macho naye akalichukua. Tena mimi niliyesoma historia hadi kidato cha nne, kama angenigeuzia swali na kuniuliza Mukami, mke wa Kimathi, alifanya nini maishani mwake, ningekuwa na neno moja la kumpa: mjane.

Mukami Kimathi alifariki mwanzoni mwa Mei 2023. Familia ilisema alikuwa na umri wa miaka 101. Alizikwa Jumamosi ya tarehe 13 Mei huko Njabini, Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Rais William Ruto alifika, na Raila Odinga akafika, wakati ambapo wawili hao walikuwa hawaivi chungu kimoja hata kidogo. Magazeti, redio, runinga, wote waliandika vilevile: mjane wa Kimathi. Ukihesabu kutoka Februari 1957 hadi Mei 2023 unapata miaka 66. Mumewe alinyongwa akiwa na miaka 36. Yaani kazi ya kuwa mjane aliifanya kwa muda unaokaribia mara mbili ya umri wote wa huyo mume.

Jina lenyewe lina lake la kusema. Mukami kwa Kikuyu ni yule anayekama maziwa. Mswahili hahitaji mkalimani hapo, maana kitenzi ni kilekile. Ni jina la mtu wa kazi.

Ninachotaka kusema hapa ni kwamba Kimathi na Mukami walikuwa watumishi wawili wa jeshi moja, lile la Mau Mau lililopigana na utawala wa Waingereza, na kwamba wa kwanza kulitambua hilo, akalifanyia mahesabu, akaliwekea sheria na seng'enge, alikuwa Mwingereza. Sisi wenyewe bado tunasitasita.

Tuanze na Kimathi, ambaye habari zake zinajulikana zaidi. Alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1920 upande wa Tetu, Nyeri. Si kama Waruhiu Itote, yule Jenerali China, aliyepigana Burma akiwa na King's African Rifles, kikosi cha Waingereza cha askari Waafrika, na kurudi nyumbani akijua bunduki inavyofanya kazi. Kimathi aliwahi kuingia jeshi la Waingereza, lakini alikaa kwa muda mfupi sana. Aliwahi kuwa mwalimu, akawa karani, akawa katibu wa tawi la chama cha KAU (Kenya African Union) kule Ol Kalou. Gavana Evelyn Baring alipotangaza Hali ya Hatari tarehe 20 Oktoba 1952, Kimathi alikuwa mtu wa kalamu. Akaingia nayo msitu wa Nyandarua. Aliandika barua kwa makamanda, akaandika barua hata kwa serikali, akatunza kumbukumbu za vikao, akasimamia kuundwa kwa Baraza la Ulinzi mwaka 1953 na lile lililoitwa Bunge la Kenya mwanzoni mwa 1954. Watu wa vikundi vilivyotawanyika kwenye milima yenye baridi kali, hawana redio za mawasiliano, hawana kambi ya kudumu, yeye alijaribu kuwafanya wawe jeshi lenye makarani. Wengine walimcheka kwa hilo, na baadhi ya wenzake msituni hawakumkubali kamwe. Lakini cheo chake cha Field Marshal kilitoka hapo.

Sasa, jeshi hilo lilikula nini?

Swali hili huwa halipewi nafasi katika hotuba za Sikukuu ya Mashujaa. Msitu wa Nyandarua ni mahali pa ukungu na mianzi, juu sana, hapalimiki. Maelfu ya vijana walioingia huko mwaka 1953 walikuwa wakila kwa sababu kuna watu waliowapelekea chakula, na watu hao kwa sehemu kubwa walikuwa wanawake. Githeri ya mahindi na maharagwe, viazi vitamu vilivyochemshwa, ndizi za kuchoma, uji kwenye vibuyu. Chakula kilikwenda chini ya mzigo wa kuni au ndani ya kiondo cha kusukwa, kimefunikwa kwa maharagwe au mboga, na chini ya chakula mara nyingine risasi, dawa, au karatasi yenye habari. Mwanamke mwenye kuni mgongoni na mtoto kifuani hakusimamishwa kirahisi mwanzoni. Baadaye askari walizinduka.

Nilikuwa na shosho (bibi) mmoja katika ukoo wetu, amekwisha kutangulia mbele ya haki, ambaye alifanya kazi hiyo akiwa msichana. Alikuwa akieleza kila kitu kwa utaratibu wa mpishi: viazi unavichemsha usiku, unavipooza kabisa, kwa sababu kiazi cha moto kina mvuke na harufu na mbwa wa polisi hachelewi, unavipanga chini, juu unaweka majani makavu, juu ya majani unaweka mahindi. Mahali pa kuacha mzigo palibadilishwa kila mara. Hukungoja kuona anayechukua. Siku moja nikamwambia, "Shosho, kwa hiyo ulipigana vita." Akanikemea karibu akasirike. "Mimi sikupigana. Nilipika tu."

Hilo "tu" limenikaa kichwani miaka mingi. Mtu aliyekuwa anahatarisha kitanzi anajipunja kwa silabi moja. Kwa maana sheria za Hali ya Hatari hazikuwa na "tu" yoyote: kuwasaidia watu wa msituni lilikuwa kosa kubwa, na katika miaka ile Waafrika wasiopungua 1,090 walinyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau, wengi wao si kwa kuua.

Waingereza walijaribu ndege kwanza. Walileta ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln zikaumwagia msitu mabomu, zikaua tembo na nyati wengi, na kuwavuruga wapiganaji bila kuwamaliza. Tarehe 24 Aprili 1954 wakaizingira Nairobi na kuzoa maelfu ya wanaume mitaani. Hatua iliyovunja mgongo wa vita ilikuja Juni mwaka huohuo, na ilikuwa hatua dhidi ya jiko. Wakikuyu zaidi ya milioni moja, waliokuwa wakiishi kila mtu kwenye shamba lake, waling'olewa na kurundikwa katika vijiji zaidi ya 800 vyenye seng'enge, mnara wa askari na kafyu. Wanaume wengi walikuwa tayari kizuizini au msituni, kwa hiyo vijiji hivyo vilikuwa, ukivitazama kwa jicho la wazi, kambi za wanawake na watoto na wazee. Mlango ulifunguliwa kwa saa chache za kwenda shambani na kuteka maji, tena chini ya macho ya homugadi, Waafrika wenzao walioilinda serikali. Halafu, ukingoni mwa msitu, likachimbwa handaki refu la maili nyingi, lenye vijiti vilivyochongwa ncha chini yake, ili chakula kisivuke. Waliolichimba kwa kulazimishwa ni wanawake walewale waliokuwa wakikipeleka.

Soma hatua hizo kama mwanajeshi anavyozisoma. Hakuna serikali inayotumia fedha na askari wa kiasi hicho kupambana na watu wanaopika tu. Nairobi na London walikuwa wamegundua kwamba idara ya ugavi ya Jeshi la Ardhi na Uhuru, kama Mau Mau walivyojiita, haikuwa msituni. Ilikuwa majikoni Murang'a, Nyeri na Kiambu. Wakaipiga idara hiyo, na ilipokatika, jeshi likaanza kufa njaa. Kufikia mwaka 1955 waliobaki msituni walikuwa wakiishi kwa asali ya mwituni na wanyama wa mitegoni.

Na wanawake walikuwa na sehemu yao katika gereza la Kamiti, nje kidogo ya Nairobi. Huko ndiko Mukami aliwekwa.

Kimathi alikamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 ukingoni mwa msitu, karibu na Nyeri, amevaa ngozi ya chui, baada ya kupigwa risasi na Ndirangu Mau, askari wa polisi wa kikabila. Picha ya siku ile, amelala kwenye machela amefungwa pingu, ilisambazwa ili watu waone kwamba mambo yamekwisha. Novemba akafikishwa mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor mjini Nyeri. Hakushtakiwa kwa vita. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola bila kibali, pamoja na risasi. Mahakama ilikataa kabisa kuona jeshi. Iliona mtu mwenye bastola isiyo na leseni, na kwa sheria za wakati ule hilo lilitosha kumtia kitanzini.

Mambo mawili yametufikia kutoka siku ya mwisho, na yote mawili yananisimamisha.

La kwanza ni barua. Tarehe 17 Februari 1957 Kimathi alimwandikia padri wa Kikatoliki wa Nyeri, Padri Marino. Anaanza kwa kusema kwamba ni kama saa saba usiku na amechukua penseli na karatasi. Ungetazamia kiongozi wa vita aandike kuhusu ardhi, uhuru, walinzi wake waliokufa kwenye mianzi. Hayamo. Anaandika kuhusu mama yake mzee anayehitaji kutunzwa. Anaandika kuhusu mtoto wake wa kiume, kwamba apate elimu, na analirudia hilo. Anaandika kuhusu mkewe Mukami, aliye katika gereza la Kamiti, kwamba anajisikia mpweke na kwamba masista wamfariji. Ni orodha ya mambo ya nyumbani. Nimeisikia barua hiyo ikisomwa kwenye mikutano kwa sauti ya kuliza watu, na kila mara huwa nafikiri msomaji anaikosea mdundo. Ninavyoisoma mimi, ni karani anayekabidhi ofisi. Anajua kesho hatakuwepo, kwa hiyo anaandika nani atafanya nini.

La pili ni maneno kwamba damu yake itaunywesha mti wa uhuru. Kila Mkenya ameyasikia kwa namna moja au nyingine, yako kwenye mabango na fulana. Wachache huuliza yametoka wapi. Yametoka kwa Mukami. Aliruhusiwa kumwona mumewe kabla ya kunyongwa, wakazungumza karibu saa mbili, na yale aliyoambiwa akayatoa gerezani akiwa ameyabeba kichwani, kama alivyokuwa akibeba mengine kwenye kiondo. Yeye alikuwa mfungwa, mumewe mfungwa, gereza moja, na ujumbe ukapita. Asubuhi ya tarehe 18 Kimathi akanyongwa na kuzikwa humohumo Kamiti, kaburi lisilo na alama.

Hapo ndipo vitabu vingi vya shule hufunga sura. Kwa Mukami ndipo zamu ilipoanza.

Hebu fikiria hesabu hii. Mau Mau ilipigwa marufuku mwaka 1950, na marufuku hiyo iliondolewa mwaka 2003. Kwa hiyo katika miaka 66 ya ujane wake, miaka 46 alikuwa mjane wa kiongozi wa chama haramu, na kati ya hiyo 46, miaka 40 ilikuwa chini ya bendera ya Kenya huru. Mzee Kenyatta mwenyewe aliwahi kusema hadharani kwamba Mau Mau ilikuwa ugonjwa uliokwisha kung'olewa na usikumbukwe tena. Kuna sababu za kisiasa za kauli hiyo, na nyingine ni nzito: nchi ilikuwa imegawanyika, nyumba moja ina homugadi na mtu wa msituni, na ardhi iliyonyang'anywa wafungwa wakati wa kupima na kuunganisha mashamba miaka ya 1950 ilikuwa tayari na hati za wenyewe wapya. Kufungua faili la Mau Mau kulikuwa kufungua faili la mashamba. Likafungwa kabati.

Kwa hiyo mtu aliyejitokeza na kusema "mimi ni mke wa Kimathi, nataka mifupa yake, na nataka waliopigana naye wapewe mahali pa kulima" hakuwa bibi kizee mwenye huzuni anayeombea maiti. Alikuwa anafanya siasa ya hatari, kwa miaka, bila ofisi wala mshahara. Madai yake yalikuwa mawili tangu mwanzo hadi alipozikwa, kaburi na ardhi. Wakati wengine wakibadilisha vyama, wakibadilisha hotuba, wakipata vyeo na kuvipoteza, yeye alibaki na yale mawili. Wakfu uliobeba jina la mumewe ukaja baadaye, ukayachukua hayohayo.

Nelson Mandela alikuja Kenya Julai 1990, miezi mitano tu tangu atoke gerezani. Akamuulizia Kimathi na mjane wake, akataka kuonyeshwa kaburi. Serikali ya wakati huo haikuwa na la kumwonyesha. Mgeni aliyekaa kifungoni miaka 27 upande wa pili wa bara alikuwa na majina ya watu wa msitu wa Nyandarua mdomoni, na wenyeji wake wanatazama viatu vyao. Ilimchukua Mandela hadi mwaka 2005 kukutana na Mukami.

Ikafika 2013. Serikali ya Uingereza, kupitia Waziri wa Mambo ya Nje William Hague, ikakubali kuwalipa Wakenya 5,228 kwa mateso ya kambini, jumla ya pauni milioni 19.9 pamoja na gharama za kesi, na baadaye mnara wa kumbukumbu ukazinduliwa Uhuru Park mwaka 2015. Ulikuwa ushindi, na sitaki kuudogosha. Wazee wale watatu walioipeleka Uingereza mahakamani na kupata hukumu ya mwaka 2012 walifanya jambo ambalo mawaziri wetu hawakulithubutu. Lakini angalia mlango uliotumika. Ili ulipwe, ilikubidi uthibitishe kwamba uliteswa. Alama za mwili zilihesabiwa. Ambaye alipika miaka miwili, akavusha risasi, akachimba handaki, lakini hakupigwa kwa namna inayoonekana kwa daktari baada ya nusu karne, hana dai. Fidia ilimtambua mtu kama mhanga. Utumishi wake, kama utumishi, hakuna aliyeuuliza, wala London wala Nairobi.

Na hapa nifungue mabano marefu kidogo kuhusu mwanamke mwingine, kwa sababu atatusaidia kuona vizuri. Muthoni wa Kirima, ambaye Kimathi alimpa jina la thonjo, yule ndege fundi wa kufuma kiota, alikuwa msituni mwenyewe, mume wake naye mpiganaji. Alipanda hadi Field Marshal, mwanamke pekee mwenye cheo hicho, na hakutoka msituni hadi Desemba 1963 bendera ilipobadilishwa. Nywele zake za msituni alikaa nazo hadi Aprili 2022, ziliponyolewa na Mama Ngina. Akafariki Septemba 2023, miezi minne baada ya Mukami. Nchi ilipompoteza Muthoni ilijua la kuandika: Field Marshal. Ilipompoteza Mukami iliandika mjane. Wote wawili walitumikia vita hiyohiyo, mmoja akiwa ndani ya mstari wa miti na mwingine, kwa sehemu kubwa, kule nje ambako chakula, habari na kifungo vilikuwa. Kilichotofautisha vyeo vyao ni mstari wa miti.

Najua jibu linalokuja. Utaniambia: basi kila mke wa askari ni askari? La. Ndoa haimpi mtu cheo, na mimi simtafutii Mukami nyota za begani akiwa kaburini. Tena katika majeshi yetu ya leo hatuna shida hiyo: aliye katika ghala la chakula anavaa gwanda na anastahili pensheni sawa na aliye kwenye mzinga, kwa sababu tunajua ugavi ni jeshi. Tunalijua hilo kwa wanaume wenye gwanda. Kwa wanawake wenye viondo tunaliita kusaidia.

Utaniambia pia kwamba namsafisha Kimathi. Hapana. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 huko Lari, watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto wa familia zilizohesabiwa kuwa upande wa serikali, waliuawa na kuchomwa nyumbani mwao na Mau Mau, na kisasi kilichofuata kutoka kwa vikosi vya serikali kikaua wengine wengi. Wapo wazee wa Kikuyu hadi leo ambao jina la Kimathi halipiti kooni mwao. Msituni kwenyewe aliwahukumu watu wake kifo. Kuandika juu ya utumishi wa vita bila kutaja nani alikufa upande wa pili wa panga ni kuandika tangazo. Lakini sioni jinsi Lari inavyomfanya Mukami asistahili kuhesabiwa. Pengine inafanya kazi yake ya baadaye iwe ngumu zaidi, kwa sababu alibaki kuishi na majirani wa pande zote mbili, mashamba yakipakana, harusi zikichanganya, kwa miaka yote hiyo, wakati mumewe amepumzika na kugeuzwa sanamu isiyolazimika kusalimiana na mtu.

Kuna sheria ya mashujaa wa Kenya iliyopitishwa mwaka 2014. Inaweka baraza, inaweka vigezo, inaruhusu kumtambua mtu kwa mchango wake katika kupigania uhuru. Tarehe 20 Oktoba, iliyokuwa Siku ya Kenyatta hadi katiba mpya ya 2010 ilipoigeuza Siku ya Mashujaa, ina nafasi ya majina zaidi ya yaleyale. Sheria ipo, basi. Kinachokosekana ni karani wa aina ya Kimathi, mtu wa kwenda Nyandarua, Murang'a, Meru na Embu na daftari, kuketi na wanawake waliokaribia miaka mia, na kuandika: alipeleka nini, kutoka wapi, mara ngapi, aliachia wapi. Watapunguza wenyewe, watasema walipika tu. Karani aandike vilevile. Waliobaki ni wachache na hawatusubiri.

Badala yake tuna barabara. Kimathi ana barabara Nairobi, ana barabara hata Kampala, ana chuo kikuu Nyeri. Kila tarehe 18 Februari wanasiasa hupanda magari makubwa kwenda kuweka mashada, na mwaka wa uchaguzi mashada huwa makubwa zaidi. Mukami alikuwa akiketishwa mbele kwenye hafla hizo, leso kichwani, shada mkononi, akipewa kipaza sauti dakika mbili. Akisimama alisema lilelile. Nipeni mifupa. Wakapiga makofi.

Oktoba 2019 wakfu wa familia ulitangaza kwamba kaburi limepatikana Kamiti. Serikali ikakanusha. Mei 2023 kule Njabini, jeneza likiwa mbele yao, wakubwa wakarudi tena kwenye habari ya kaburi. Tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo Mfalme Charles akaanza ziara yake Kenya, akazungumzia ukatili uliofanywa na kusema hauna udhuru. Sijui kama kuna msaidizi aliyemnong'onezea kwamba siku hiyo Kimathi angekuwa anatimiza miaka 103.

Mara nyingi tukizungumzia kaburi hili tunageukia London, tunataka ramani, tunataka faili zilizofichwa, na ni kweli kuna karatasi ambazo Waingereza walikaa nazo miaka mingi bila kusema. Lakini Kamiti haiko London. Ni gereza linalofanya kazi hadi leo, lina mkuu wake, lina bajeti yake katika makadirio ya kila mwaka, na ardhi yake iko kilomita chache kutoka pale sanamu iliposimama. Mukami alitoka humo akiwa hai na ujumbe kichwani, akaishi na kuomba miaka 66, na katika miaka hiyo funguo za Kamiti zilipita kwa marais watano, wote Wakenya.